Safu ya Kushuka

Aliyepatwa na haya ni binti wa mama yangu mkubwa. Nayasema kama alivyonisimulia mwenyewe jikoni kwetu, amekalia ndoo iliyopinduliwa, akimenya viazi ambavyo hakuna aliyemwomba avimenye. Asiyetaka kuamini na asiamini. Ila asiniletee habari za hewa ya mlimani kuwa nyepesi na watu kuona vitu, maana hayo wameshayasema wakubwa wenye vyeti, na vyeti vyao tumeviona vinafanya nini.

Nyumbani anaitwa Dada. Chuoni, anakosomea uuguzi mwaka wa tatu, wanamwita Sindano, na si kwa sababu ya kazi peke yake.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi ya kiangazi, anga safi kama sahani iliyooshwa. Mama Mkubwa alikuwa amechemsha mayai sita na kujaza chai kwenye chupa. Saa moja kasoro mlango ukagongwa, akaingia rafiki wa Sindano, kofia kichwani, miwani ya jua machoni, jua lenyewe bado halijatoka.

"Shikamoo, Mama. Nimekuja kumchukua mgonjwa wangu."

"Marahaba. Mgonjwa nani?"

"Huyu. Anayepanda mlima kwa hiari yake si mzima."

Mama Mkubwa alicheka, kitu ambacho mwaka huo alikuwa amekifanya mara chache. Kisha akamshika yule rafiki mkono. "Mtashuka pamoja. Mmenisikia? Pamoja."

"Pamoja, Mama," akajibu, na macho yake yakaenda kwenye mayai.

Huyu rafiki tumwite Kalamu, kama walivyomwita darasani. Ukichelewa kuamka, unamtumia ujumbe, naye anakusainia karatasi ya mahudhurio, na saini yako anaipiga vizuri kuliko wewe mwenyewe. Mikono ya darasa zima ilikaa ndani ya mkono wake mmoja. Hakuna aliyeona ubaya. Nani hajawahi kusainiwa?

Na alikuwa akilala chumba kimoja bwenini na Kitinda.

Kitinda alikuwa mdogo wake Sindano, wa mwisho kuzaliwa, mwenye makelele, mwenye kuandika namba mbili kwa kitanzi chini kama mkia wa paka aliyelala. Mwaka uliotangulia alipanda mlima huohuo na darasa lao, wanafunzi ishirini na sita, Kalamu akiwemo, wakiongozwa na Mhadhiri wao. Hapo langoni kuna daftari kubwa: namba, jina, saa ya kupanda, saini, saa ya kushuka, saini. Peni imefungwa kwa uzi kwenye msumari wa meza. Kila jioni, saa kumi na moja na nusu, mlinzi anapitisha kidole kwenye safu ya kushuka. Safu ikijaa, anafunga lango na kwenda zake. Likibaki tundu moja, anapiga king'ora na waokoaji wanapanda.

Kitinda hakushuka. Lakini tundu lake lilikuwa limejazwa. Saa ipo, saini ipo.

Basi king'ora hakikulia. Basi lao likaondoka. Familia ilipoanza kuuliza, chuo kikajibu kwa barua yenye muhuri: binti alishuka salama, amesaini kwa mkono wake, yaliyofuata ni yake. Mhadhiri alikuja hadi sebuleni kwa Mama Mkubwa, akakaa ukingoni mwa kochi akichezea funguo za gari.

"Mabinti wa umri ule," akasema, "huenda ana mtu wake mahali."

Huenda ana mtu wake! Siku nne Sindano alizunguka na picha ya mdogo wake stendi za mabasi na nyumba za wageni, akiuliza wapokezi waliomtazama kwa vicheko vya pembeni mwa mdomo. Siku ya nne mkata kuni akamkuta Kitinda mlimani, chini ya bamba la jiwe, mfupa wa paja umevunjika. Filimbi yake ya rangi ya chungwa ilikuwa bado mdomoni, plastiki imetafunwa hadi ikapasuka. Daktari aliandika kwamba alikata roho siku ya tatu. Sindano aliisoma ripoti ile kama muuguzi, mstari kwa mstari. Kisha akaisoma kama dada, akakimbilia chooni kutapika.

Mwaka mzima aliomba aonyeshwe ukurasa ule. Mlinzi alisema daftari limepelekwa makao makuu. Makao makuu wakasema liko chuoni. Chuo wakasema liko langoni. Mpira wa danadana. Na katika mwaka huo wote aliyekuwa naye begani ni Kalamu. Kalamu aliyeosha vyombo vya msibani. Kalamu aliyelala na Mama Mkubwa wiki nzima. Sindano alipotaka kwenda kuona mahali pale, mwaka ulipotimia, hakumwomba mwingine.

Saa mbili walikuwa langoni. Mlinzi aliwasogezea daftari. Sindano akasaini mstari wa kumi na moja, Kalamu wa kumi na mbili.

"Mko wawili?" mlinzi aliuliza.

"Wewe unaona wangapi?" akajibu Sindano.

Mlinzi akachungulia nyuma yao. Akafikicha jicho. "Haya. Wawili."

Njia ya kupanda ni moja tu, ya vumbi jekundu, kwanza kati ya misonobari, kisha inatoka kwenye mawe matupu ambako jua linakupiga kisogoni kama kofi. Kalamu alihema tangu kona ya kwanza.

"Dada, huko juu kuna nini kisichoonekana kwenye picha?"

"Pumzi yako. Ilitangulia."

"Utanizika huku, wallahi."

Akasema, kisha akaziba mdomo.

Kwenye benchi la kwanza Kalamu alimimina chai. Sindano alikuwa akifunga kamba ya kiatu. Aliponyanyua uso, vikombe vilikuwa vitatu, vyote vinafuka.

"Cha nani hicho?"

Kalamu alikitazama kama amekiona sasa hivi. "Mazoea tu," akasema. "Bwenini tulikuwa..." Akakimwaga chini.

Walipomaliza misonobari wakakutana na wazee wawili wakishuka, mume na mke, wastaafu wenye fimbo na kofia za majani zilizofanana. Wakawaamkia. Mke akasimama, amekunja uso.

"Wanangu, si vizuri. Mwenzenu yule mnamkimbiza, na mnaona anachechemea."

"Mwenzetu yupi, bibi?"

"Huyo mwenye filimbi. Tumemwambia apumzike, anasema anawahi kusaini." Akatikisa kichwa, akaendelea kushuka na mume wake.

Wakageuka. Njia ilikuwa tupu. Jua kali, vumbi, mjusi juu ya jiwe. Sindano akainama. Katika vumbi kulikuwa na nyayo zake. Kulikuwa na nyayo za Kalamu. Katikati yao kulikuwa na unyayo wa mguu mmoja, na pembeni yake mstari mrefu, kama wa kitu kinachoburutwa. Unyayo, mstari. Unyayo, mstari.

Ulikoma hatua tatu nyuma yao.

"Turudi," Kalamu alinong'ona. "Dada, tafadhali. Turudi."

Mwingine angerudi. Lakini Sindano, aliniambia, hofu yake ilikuwa imeshaliwa na kitu kingine mwaka mzima. Hapakubaki mahali pa kuikalisha. "Bado nusu saa tufike alipolala," akasema. "Kama ni yeye anakuja, basi na aje. Mimi nina maswali."

Akapanda mbele. Nyuma yake filimbi ikalia.

Mara tatu. Kimya. Mara tatu tena. Sauti ilikuwa na mkwaruzo, kama ya filimbi iliyopasuka.

Filimbi hiyo, mnaelewa, iko kabatini kwa Mama Mkubwa, imefungwa kwenye leso.

Kalamu akaanza kulia, bila sauti, na huku anatembea. Walifika kwenye bamba la jiwe, kubwa kama meza ya watu kumi, limeegemea mwamba na chini yake kuna kivuli cha kumtosha mtu mmoja aliyelala. Saa sita na nusu mchana. Joto lilikuwa linacheza juu ya mawe. Chini ya lile jiwe palitoka baridi, baridi ya jokofu lililofunguliwa.

Filimbi ikalia kutoka humo.

Kalamu akaanguka magotini. "Ni mimi," akasema. "Dada, ni mimi nilimsainia."

Sindano hakuelewa. Kwa sekunde kadhaa, alisema, maneno yalikuwa Kiswahili na hayakuwa na maana.

"Mawingu yalikuwa yametanda. Dereva anapiga honi. Mhadhiri anasema nani hajasaini, tunachelewa. Niliona sweta lake kiti cha nyuma, nikajua amelala. Nikasema nimsainie, asiamshwe. Kama darasani. Kama darasani tu, Dada."

"Ukajua lini kwamba ni sweta tu?"

Kalamu akavua kofia, akaikunja mikononi.

"Lini?"

"Tulipofika bwenini."

Upepo ulikuwa umekoma. Hata mjusi hakuwepo.

"Usiku uleule," Sindano akasema polepole. "Ukajua usiku uleule yuko huku."

"Nilimwambia Mhadhiri. Nilimpigia simu saa ileile! Akasema nikitamka tumefukuzwa wote, mimi kwa kughushi na yeye kwa uzembe. Akasema atapatikana tu, mlima si mkubwa. Akasema kitabu ni kitabu."

"Siku ya pili nilikuja bwenini kwenu na picha yake mkononi. Ukanipa maji ya kunywa."

"Dada..."

"Alikuwa hai, Kalamu! Siku ya pili alikuwa hai, anapiga filimbi! Ukanipa maji, ukaniuliza kama nimekula!" Sauti yake ikagonga mwamba na kumrudia. Panya huuma na kupuliza, wahenga walisema, lakini hawakusema panya atakuja na kuosha vyombo vya msiba. "Ukalala chumbani kwa mama yangu wiki nzima ukimfuta machozi. Kwa mkono upi? Huo huo?"

Kalamu alinyoosha mkono ule, sijui kuomba au kujikinga. Sindano akachukua mfuko wake.

"Usiniache hapa. Tulimwahidi Mama."

"Shuka mwenyewe. Umezoea kusaini; jisainie."

Akaondoka. Alishuka kwa hasira, mawe yakimkimbilia mbele ya miguu. Nyuma akasikia kilio. Akasikia kilio kikikatika, ghafla, kama mtu amewekewa kidole mdomoni. Akasikia sauti mbili zinaongea kwa kunong'ona. Moja ilikuwa inabembeleza.

Hakugeuka. Hilo nalo aliniambia. Aliliacha wazi lilivyo, hakulipamba.

Kutoka pale hadi langoni hakupitwa na mtu. Tena njia, nimeshasema, ni moja. Alikaa kwenye benchi la kwanza muda mrefu, akainuka, akafika chini saa kumi na dakika hamsini. Mlinzi alikuwa anakunja kiti chake.

"Wewe ndiye wa mwisho," akasema. "Mwenzako ameshashuka."

"Nani?"

"Wa kumi na mbili. Nilikuwa bombani nachota maji, nikarudi nikakuta amesaini."

Sindano akalivuta daftari, akasaini wa kumi na moja. Mstari wa kumi na mbili. Jina la Kalamu. Saini ya Kalamu, sawasawa kabisa, haina hitilafu. Na kando yake saa ya kushuka: 10:20. Ile mbili ilikuwa na kitanzi chini, kama mkia wa paka aliyelala.

Wino ulikuwa haujakauka.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mtu anapimwa. Sindano alikaa kwenye benchi la langoni. Daftari limejaa. Mlinzi ameridhika. Hakuna wa kumuuliza lolote. Angeweza kwenda nyumbani, akala, akalala, na kesho akaanza kuzunguka stendi na picha. Siku nne. Haki ingekuwa imelipwa shilingi kwa shilingi na mkono wake usingekuwa umegusa kitu. Alikaa dakika kumi na mbili. Alizihesabu kwenye saa ile ndogo ya kifuani ambayo wauguzi hupimia mapigo ya moyo. Alisema zilikuwa dakika tamu. Alilisema hilo akiwa amemenya kiazi kimoja tena na tena mpaka kikabaki kama karanga.

Kisha akainuka. "Piga king'ora. Mwenzangu yuko juu."

"Kitabu kinasema ameshuka."

"Na mwaka jana kilisemaje?"

Mlinzi akainamisha macho. "Dada yangu, safu imejaa. Nikipiga king'ora bila tundu, nitawajibu nini wakubwa?"

Sindano akachukua peni yenye uzi. Akaukata mstari wa kumi na mbili, akaukata tena na tena, mpaka karatasi ikachanika na meza ikaonekana chini yake.

"Tundu hilo hapo," akasema. "Piga."

Waokoaji, Sindano akiwa nao, walimkuta saa mbili usiku, kwa mwanga wa tochi, chini ya bamba lilelile. Hai. Mfupa wa paja umevunjika, na Sindano alipoupapasa kutafuta mahali, vidole vyake vilikwenda penyewe. Ndipo palepale palipoandikwa kwenye ripoti ya mwaka jana. Kalamu hakuwa ameanguka. Alisema hakuinuka tangu Dada alipomwacha. Alisema alikuja mtu, akakaa naye, akamshika mkono wa kuandikia.

"Aliniambia nisiogope," Kalamu alinong'ona kwenye machela. "Alisema ni siku nne tu."

Hospitalini aliomba karatasi. Akaandika kila kitu, kurasa sita, kuanzia sweta hadi simu ya Mhadhiri. Muuguzi wa zamu alimpelekea Sindano, na Sindano akazishika mlangoni asiweze kuingia. Mwandiko ulikuwa wa Kitinda. Vitanzi vyote, makelele yote. Wakamwambia Kalamu aandike jina lake tu. Likatoka kwa mkono wa Kitinda. Yule aliyekuwa na mikono ya darasa zima amebakiwa na mmoja, na si wake.

Kurasa zile zilipelekwa chuoni. Majibu yalirudi baada ya mwezi, na muhuri: maandishi yamelinganishwa na karatasi za mitihani, yamethibitika kuwa ni ya marehemu, na kwa kuwa marehemu hawezi kutoa maelezo, hayapokelewi. Jambo limefungwa. Sahihi: Mhadhiri, ambaye siku hizi ni Mkuu wa Idara.

Someni tena, kama nilivyosoma mimi. Mwaka jana walipokea saini ya mtu ambaye hakuwepo, wakamzika nayo. Mwaka huu mtu huyohuyo ameandika kurasa sita, wanasema hawezi kuandika, amekufa.

Jumanne iliyopita mlinzi alimpigia Sindano simu. Hakutaka kueleza, alisema njoo tu. Akamfungulia daftari, akaruka kurasa tupu, akafika kwenye ukurasa wa Jumamosi hii, ambao hakuna aliyeugusa bado. Jumamosi hii idara inawapandisha wanafunzi wapya. Mstari wa kwanza ulikuwa umejazwa wote. Jina kamili la Mhadhiri. Kupanda, saa 2:00, saini yake. Kushuka, saa 10:20, saini yake. Mbili zote zimekaa kwa mikia.

Sindano akapiga picha, akamtumia Mhadhiri. Akamwomba, yeye, akamwomba yule mtu kwa heshima, asipande. Jibu lilirudi kabla hajafika nyumbani: "Acha ushirikina, binti. Kitabu ni kitabu."

Ndiyo maana leo alikuja kwetu akamenya viazi. Jumamosi ni keshokutwa.

"Utakwenda?" nikamuuliza.

"Nitakaa langoni."

"Na king'ora?"

Akachukua kiazi kingine. Akakigeuza mkononi muda mrefu, anatafuta pa kuanzia.

Alipoondoka nikachukua ufagio nikusanye maganda. Alikuwa amevua viatu nje, miguu yake ilikuwa safi, sakafu niliipiga deki asubuhi. Lakini kutoka mlangoni hadi kwenye ile ndoo kulikuwa na vumbi jekundu. Unyayo, mstari. Unyayo, mstari. Nilizifuata alama zote kwa macho, nikatoka hadi uani, nikarudi.

Zilikuwa za kuingia. Za kutoka sikuziona.